Usinyanyuke Kabla ya Kofi

Hafidhi fundi redio alikuwa na tabia moja iliyomjengea jina Moshi mjini, na ndiyo hiyohiyo iliyomponza. Akishakufungia muziki nyumbani kwako, hakubeba begi lake akaondoka kama mafundi wengine. Alivuta kiti akakaa na wewe mwenye nyumba, akafumba macho, akasikiliza wimbo wa kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukimsemesha katikati alinyoosha kidole tu: subiri. Vijana wa Majengo walimtania kwamba analipwa kusinzia kwenye masofa ya watu. Yeye aliwajibu kwamba fundi asiyesikia alichokifunga ni mpiga nyundo tu.

Jumanne hiyo alipanda Kibosho kwa pikipiki yake saa kumi na moja jioni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili ya ufundi alitamani kazi iishe kabla haijaanza.

Sababu ilikuwa Rukia. Binti yake alikuwa ametimiza miaka mitatu na nusu bila kutamka neno hata moja. Walishazunguka naye kwa madaktari na kwa masheikh, na mama mkwe alishasema yote ya mama wakwe. Saa saba mchana huo, Hafidhi akiwa juu ya ngazi Kwa Sadala anafunga spika kwenye hoteli, Maulida mkewe alimpigia simu analia na kucheka kwa pamoja.

"Amesema! Baba Rukia, amesema! Amesimama mlangoni, ameziangalia ndara zako, akasema 'baba'. Mara mbili!"

"Wallahi?"

"Wahi urudi umsikie mwenyewe."

Angeweza kuahirisha kazi ya Kibosho. Lakini yule mama alikuwa ameshaahirishiwa mara mbili, na asubuhi alipopiga simu alizungumza kama mtu aliyeziba mdomo kwa khanga. "Leo, baba. Nakuomba iwe leo. Sindano ya gramafoni imevunjika, na leo ni siku ya tatu." Hafidhi alimcheka kimoyomoyo, kwa kuwa wapenzi wa muziki wana vituko vyao. Akapiga hesabu: kuunganisha saa moja hivi, kusikiliza wimbo mmoja, kushuka mjini dakika arobaini. Rukia hulala saa mbili na nusu. Angemkuta macho.

Nyumba ilikuwa ya mawe, katikati ya kihamba cha migomba na kahawa, mbali kidogo na barabara. Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka kutoka mlimani. Chini ya dirisha la sebule palikuwa na kaburi la vigae vyeupe, na pembeni yake shimo dogo, kama pametoka kung'olewa mche.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa, baba. Ingia, ingia upesi."

Mama Avelina alikuwa mwembamba na mrefu, amevaa sweta na kujitanda khanga juu yake. Alipompokea begi, mkono wa sweta ulipanda kidogo, na Hafidhi akaona kwenye kifundo chake alama nne za kijani na zambarau, zimejipanga kama vidole. Mama akaushusha mkono wa sweta haraka.

"Inatakiwa ianze saa kumi na mbili na nusu," alisema. "Mwalimu hapendi kuchelewa."

"Mwalimu yupo?"

"Yupo." Aliangalia dirishani.

Hafidhi naye aliangalia. Aliona kaburi tu. Akajiambia kwamba wajane wengi huongea hivyo, na moyo ukamwingia huruma.

Halafu akaviona vyombo, na haraka zake zote akazisahau. Ampilifaya ya zamani yenye uso wa fedha. Spika mbili za mbao ngumu, kila moja inamfika kiunoni. Gramafoni yenye mkono mwembamba, na ukuta mzima wa santuri. Marehemu Mwalimu Valerian alifundisha muziki na kuongoza kwaya ya parokia kwa miaka thelathini, akiwa amesomea ng'ambo ujanani. Alirudi na muziki wa Wazungu wa kale, ule wa violini na piano usio na maneno, na inasemekana hakuwahi kuruhusu redio nyingine ilie humo ndani.

Mbele ya spika palikuwa na viti vitatu vimepangwa mstari. Viwili vya pembeni vya mbao. Cha katikati kilikuwa cha ngozi ya kahawia, kina kitambaa cheupe cha kufuma sehemu ya kichwa. Picha zote ukutani zilikuwa zimegeuzwa, nyuso zinatazama ukuta.

"Siku tatu hizi hazikuwa nzuri," Mama Avelina alisema alipoona anazitazama. 

Mwanawe Leodegar, anayeishi Uholanzi, alikuwa amemtumia kisanduku kidogo cheusi kinachovuta muziki mtandaoni na kuupeleka kwenye ampilifaya. Kazi ya Hafidhi ilikuwa kukiunganisha. Mtandao wa nyumba ulikuwa haujafungwa, kwa hiyo akaamua kukijaribu kwa bando la simu yake. Tatizo ni kwamba simu ilishika mtandao sehemu moja tu: kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa pili wa sebule. Akaiegemeza hapo kwenye kioo, ameizima mlio kama kawaida yake akiwa kazini. Kisanduku kikawaka taa ya buluu.

Mama Avelina alikuwa ametoka nje. Hafidhi alimwona dirishani akiinama kaburini na kuokota kitu ardhini. Akaendelea kupanga mambo yake kwa raha ya fundi aliyepata vyombo vya maana. Aliweka ubora wa sauti wa juu kabisa. Aliweka kipande kikiisha kingine kiingie chenyewe, palepale, bila hata nafasi ya kuvuta pumzi.

"Mama!" aliita kwa kujisifu. "Habari ya kunyanyuka kugeuza santuri imekwisha! Huu hausimami!"

Kule nje hapakuwa na jibu. Aliporudi ndani Mama Avelina alikuwa ameshika mche wa isale, mizizi bado ina udongo. Hafidhi, mzaliwa wa Moshi, alijua majani yake ni ya nini. Mchagga akikosea huenda na isale kuomba radhi, na anayepelekewa hawezi kukataa. Alijiuliza tu mama huyu anamwomba nani.

"Kila asubuhi naikuta imeng'olewa," alisema, kama anayelalamikia kuku wa jirani. Kisha akaangalia saa ya ukutani. "Imefika. Washa, baba. Halafu kaa. Nimesikia wewe unakaga na mteja mpaka mwisho."

"Ndiyo desturi yangu."

"Ndiyo maana nikakuita wewe. Siku tatu hizi nimeogopa kukaa peke yangu."

Hafidhi aliwasha, akaelekea kiti cha katikati, maana hapo ndipo sauti ya kulia na ya kushoto hukutana sawasawa.

"Siyo hicho!"

Mkono wa mama ulimvuta kwa nguvu asizozitarajia. Akakaa cha kushoto. Mama akakaa cha kulia, isale mapajani. Cha katikati kikabaki kitupu.

Violini mbili zikaanza, na nyingine nene kidogo, na chelo, ile kubwa ya sauti nzito, chini yake. Hafidhi akafumba macho. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote alizowahi kuzifunga, na akajisikia fahari.

Dakika ya tano hivi alisikia harufu. Dawa ya kuchua, ile kali ya wazee wenye magoti mabovu.

Dakika ya nane, muziki ukanyamaza. Alifumbua macho, akaweka mikono magotini ili anyanyuke.

"Bado!" Mama Avelina alinong'ona. Hakugeuza kichwa. "Zipo sehemu nne. Hiyo ni pumzi tu."

Na katika ile pumzi, mtu akakohoa.

Kikohozi kidogo cha adabu. Cha mtu aliyekuwa anakizuia muda mrefu ili asiwasumbue wenzake.

Kilitoka kwenye kiti cha katikati.

Sehemu ya pili ikaanza, polepole. Hafidhi aligeuza macho bila kugeuza shingo. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini ngozi yake ilikuwa imebonyea, na kile kitambaa cheupe kilikuwa kimelala nyuma, kama kimebanwa na kichwa.

Akasoma kila aya aliyoikumbuka. Midomo ilitikisika, sauti haikutoka.

"Mama... Huyu ni nani?"

"Kunong'ona anavumilia," mama alisema, macho kwenye spika. "Kunyanyuka, hapana. Wewe tulia. Ikiisha atapiga kofi moja. Akishapiga kofi, tunanyanyuka, unakwenda zako. Kila siku ndivyo. Upande mmoja wa santuri, dakika ishirini na kitu. Miaka mitatu sasa, na Jumapili na Krismasi."

"Na ukinyanyuka kabla?"

Mama alisubiri mpaka sehemu ya pili ikaisha, mpaka kikohozi kikapita tena, mpaka ya tatu ikaingia na kelele za kutosha kuficha sauti yake.

"Thadeus, mdogo wake marehemu, alinyanyuka. Simu iliita, akasema mambo gani haya, akanyanyuka akatoka. Kaangalie kule chini kwake. Anakaa barazani anapiga kidole gotini. Tatu, nne, tatu, nne. Watoto wake wanamwita hasikii. Mke wake alizaa, mtoto akalia masikioni mwake, hasikii. Anasikia hii tu."

 Hafidhi akamfikiria Rukia, amesimama mlangoni anaziangalia ndara za baba yake. Miaka mitatu na nusu alikuwa analisubiri neno moja.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungekuja?"

 Hafidhi alimchukia mwanamke yule, na papo hapo akamwonea huruma, na vyote viwili vilimkaa kifuani pamoja.

Alihesabu. Sehemu ya nne ilikuwa ya haraka, violini zinafukuzana. Nje giza lilikuwa linaingia migombani. Saa moja kasoro. Akitoka sasa hivi, angemkuta Rukia anakula. Muziki ukapanda, ukapanda, ukafika kileleni, ukapiga mara tatu kwa nguvu, ukaisha.

Kofi moja.

Kavu. La viganja vya mtu mzima.

Mama Avelina alivuta pumzi, akaanza kujiinua. Uso wake ulikuwa umepata nuru, na machozi yalimtoka. Lakini mwangwi wa kofi ulikuwa haujaisha, na piano ikaingia.

Mama akarudi kitini kama aliyekatwa miguu.

"Nini hiki?"

Hafidhi hakuweza kumwangalia.

"Nini hiki, fundi?"

"Kinaendelea chenyewe, mama. Kimoja kikiisha... kinaingia kingine. Nilikuambia, ulikuwa nje."

"Mpaka lini?"

Piano ilikuwa tamu sana. Ndilo lililomuumiza zaidi.

"Hakina mwisho," alisema.

Hapo ndipo Mama Avelina alipoanza kulia kweli, kimyakimya, mabega yanatikisika na kiwiliwili hakisogei. Alikuwa amejifunza kulia hivyo kwa miaka mitatu.

Kingine kikaisha. Kofi. Kingine kikaingia. Hafidhi aliangalia simu yake kule dirishani. Hatua sita, saba. Zilikuwa mbali kama Nairobi. Saa moja na robo simu ilitetemeka juu ya kizingiti, ikawaka. Maulida. Ikatetemeka mpaka ikachoka. Ikatetemeka tena.

"Umeme wa hapa haukatiki?"

"Unakatika sana. Leodegar akafunga sola na betri."

Mungu ambariki Leodegar, alifikiri Hafidhi kwa uchungu. Kisha akakumbuka kitu, na moyo ukaruka.

Bando.

Alikuwa na kama giga moja na nusu tu, na kwa ubora ule alioweka kwa mbwembwe, muziki ulikuwa unakula bando kama mbuzi kwenye shamba la mahindi. Lingetosha muziki wa saa moja na nusu hivi. Likiisha, kisanduku kitanyamaza. Alimnong'oneza mama. 

"Kunyamaza siyo kuisha, baba."

"Si tofauti kubwa."

"Ndiyo tofauti yenyewe." Aliishika isale kwa mikono miwili. "Alifia hapo alipokaa. Amefumba macho, anasikiliza. Mimi kichwa kiliniuma siku hiyo. Nikadhani amesinzia. Nikanyanyua sindano katikati, nikazima. Nikamwambia Valerian, twende ukalale, zimetosha kelele. Nikamshika mkono... ulikuwa bado na joto. Hakuwa amemaliza. Kama ningeacha dakika nne tu, angemaliza."

Kiti cha katikati kilitoa mlio mdogo wa ngozi. 

Saa moja na nusu. Saa moja na dakika arobaini na tano. Miguu ya Hafidhi ilikufa ganzi, na jasho lilimshuka mgongoni japo baridi ya Kibosho ilikuwa imeshaingia chini ya mlango. Simu iliwaka mara ya tatu, mara ya nne. Alimjua mke wake. Asipopokelewa simu ataandika, na asipojibiwa ataangalia tiki. Tiki mbili, yuko hewani, ana kazi. Tiki moja, bando limemwishia. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo walipooana.

Saa mbili kasoro dakika tatu, katikati ya wimbo, chelo ikiwa peke yake inavuta sauti ndefu...

Kimya.

Taa ya kisanduku ikageuka nyekundu.

Hakuna aliyekohoa.

Nje, maji ya mfereji yalisikika yakipita migombani, na mbwa wa jirani, na Hafidhi alitaka kulia kwa furaha ya kusikia mbwa. Halafu ngozi ya kiti cha katikati ikaanza kujinyoosha. Polepole. Pale palipobonyea pakajaa. Kitambaa cheupe kikarudi mbele, kikaning'inia.

Mtu alikuwa amesimama.

"Mwalimu," Mama Avelina alisema kwa sauti ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Alinyoosha isale. "Mwalimu, siyo mimi. Safari hii siyo mimi. Pokea, baba. Nisamehe. Pokea."

Ubao wa sakafu ukalia mbele yake. Harufu ya dawa ya kuchua ikahamia upande wake. Mkono wa sweta ukapanda wenyewe, na kwenye kifundo chake ngozi ikaingia ndani. Kidole kimoja. Viwili. Vinne.

Mama hakupiga kelele. Aligeuza uso kwa Hafidhi. Midomo yake ilisema, "Usisimame."

Lakini Hafidhi aliuangalia mlango. Muziki haupo, na yule amempa mgongo. Hakuna kinachosikilizwa, kwa hiyo hakuna cha kukatisha. Mjini mtoto amevalishwa nguo za kulalia na anasubiri. Alimwacha mama wa watu mikononi mwa marehemu wake, na alijua kwamba anamwacha, na aibu ilimchoma. Lakini alinyanyuka. Magoti yalinyooka. Akasimama wima, hatua nne kutoka mlangoni.

Simu ikatetemeka juu ya kizingiti. Mara moja, fupi. Mtetemo wa ujumbe.

Taa ya kisanduku ikarudi buluu.

Na chelo ikaendelea, palepale ilipoachia.

Hafidhi hakuona chochote. Alihisi tu viganja viwili, baridi, vikavu, vikimfunika masikio kutoka nyuma. Havikumuumiza. Vilimgeuza kichwa taratibu kuelekea kwenye spika, kama mwalimu anavyomgeuza mwanafunzi aangalie ubao.

Vikamwachia.

Kiti cha katikati kikabonyea. Mama Avelina alikuwa amefumba macho, mkono uliovimba umelala juu ya isale, na hakumwangalia tena. Hafidhi akatembea hadi mlangoni. Akatoka. Hakuna aliyemzuia. Simu, begi, vifaa, vyote aliviacha.

Pikipiki ilikataa kuwaka, alidhani hivyo, kwa sababu hakusikia injini. Lakini usukani ulikuwa unatetemeka mikononi. Akashuka nayo kwenye vumbi na ukungu, violini zinamfuata kichwani. Akajiambia ni kawaida, kila kazi humganda kichwani mpaka asubuhi. Akajiambia masikio yameziba kwa sababu anashuka kutoka juu, nayo pia ni kawaida, kila mtu wa Moshi anaijua. Akameza mate. Akabana pua akapuliza. Akameza tena. Lori lilimpita karibu limpige, likiwasha taa zote, na dereva alikuwa ameegemea honi.

Hakusikia honi.

Alifika Majengo saa tatu kasoro. Maulida alifungua mlango na midomo yake ikaanza kukimbia. Alimgombeza, akacheka, akamshika shavu, akamgombeza tena. Akamwonyesha simu yake mwenyewe, anajisifu. Hafidhi alisoma. Ujumbe ulisema bando la mwezi mzima, lisilo na kikomo, limetumwa kwenye namba yake. Chini yake Maulida alikuwa amemwandikia: Zawadi ya Baba Rukia. Tiki mbili.

Mwezi mzima. Akamwona Mama Avelina amekaa wima kwenye kile kiti cha mbao, anasubiri kofi na anashindwa kuliwahi. Ilibidi arudi akazime. Alijua ilibidi arudi. Miguu haikusogea.

Rukia alikuwa macho. Maulida hakumlaza kwa ajili hiyo. Alikuja mbio na gauni lake la kulalia, akasimama mbele ya baba yake, akaziangalia zile ndara mlangoni, akamwangalia yeye. Midomo midogo ikafungika, ikafunguka. Ikafungika, ikafunguka.

Maulida alipiga makofi yasiyo na sauti.

Hafidhi alisikia violini.

Akapiga magoti. Alimshika binti yake mabega, na aliona bila kutaka kwamba kidole chake kinapiga begani pake, tatu, nne, tatu, nne. Hapo ndipo akakumbuka. Zipo sehemu. Na kati ya sehemu ipo pumzi. Aliusikiliza muziki kwa nguvu zake zote za fundi na akajua kwamba unaelekea kuisha, unapunguza mwendo, umebakiza kidogo. Alimwonyesha Rukia kidole: subiri. Mtoto akacheka, akasubiri. Maulida aliacha kucheka.

Sauti ya mwisho ikavutwa, ikakonda, ikakatika.

Kimya.

Akasikia saa ya ukutani. Akasikia jirani anakuna nazi. Akamsikia Maulida akisema, "Baba Rukia, una nini?" na ilikuwa sauti tamu kuliko muziki wote wa dunia.

"Sema, mama," alimwambia mtoto, machozi yanamdondoka. "Sema sasa. Haraka."

Rukia alivuta pumzi. Akafungua mdomo.

Nyuma ya Hafidhi, mtu akakohoa.

Macho ya mtoto yakapanda, yakapita juu ya bega la baba yake, yakaganda hapo. Alikuwa anamtazama mtu mrefu. Alimtazama kidogo, kama mtoto anavyomtazama mkubwa aliyeweka kidole mdomoni.

Kisha Rukia akafunga mdomo wake kwa adabu, akakaa chini sakafuni na kukunja mikono mapajani.

Sehemu ya tatu ikaanza.